Mama mwenye kisukari anawaka moto nyayo na kuyumba: je, atembee ili apunguze uzito?

Binti wa Pangani
Naomba ushauri wenu. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, anatumia dawa za kushusha sukari, metformini na glibenklamidi, kwa miaka mingi, na uzito wake ni kilo 96. Usiku nyayo humwaka moto hata shuka humkera, mchana hulalamikia ganzi, na akifumba macho ili anawe uso huyumba mpaka ashike ukuta. Kliniki wamemwambia atembee ili apungue. Je, kutembea hakutamzidishia maumivu? Na kuyumba huko ni kwa sababu ya unene?

Muuguzi mstaafu
Pole, dada. Unene peke yake hauelezi kuyumba huko. Mtu husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani na taarifa zinazotoka miguuni. Neva (mishipa ya fahamu) za miguu zikishaharibiwa na sukari, mzigo huangukia macho, ndiyo maana akiyafumba, au umeme ukikatika, hupepesuka. Uzito una dhara lake jingine: huongeza mgandamizo chini ya unyayo, na mguu usiohisi hautoi onyo hata sugu igeuke kidonda. Kabla ya kuanza matembezi, aombe apimwe hisia za nyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 (hugusishwa unyayoni mpaka upinde, naye aseme kama anauhisi), mapigo ya damu miguuni, na presha akiwa amelala kisha akisimama. Apimwe pia vitamini B12, kwani metformini ya muda mrefu yaweza kuipunguza, na upungufu wake huleta ganzi hiyohiyo.

Mzee wa Ngamiani
Mwanangu, ndala azivue kabisa. Mwenye ganzi huweza kuziacha njiani asijue. Avae viatu vipana vinavyofunika vidole, na apapase ndani kwa mkono kabla ya kuvivaa. Mimi nilianza kwa kuketi na kuinuka kitini karibu na meza, matembezi yakafuata baadaye.

Binti wa Pangani
Ahsanteni sana. Je, wakati huu tumpunguzie wali na ugali?

Muuguzi mstaafu
Mpunguzieni kidogo kidogo, tena baada ya kuzungumza na daktari kuhusu dozi, kwa sababu glibenklamidi pamoja na chakula kidogo huweza kuishusha sukari ghafla, naye akaanguka. Na nyayo zikiacha kuwaka ilhali ganzi ipo, msidhani amepona. Endeleeni kuzikagua kila jioni, pamoja na katikati ya vidole.