Mjadala: Mwanamke mnene alaumiwe yeye au nyumba aliyokulia?

Mleta mada

Wadau, nimechoka na hii kauli ya kwamba mtu mnene kajiachia mwenyewe, maana ukiifuatilia utakuta karibu kila mara anayesemwa ni mwanamke, mwanaume akitoa kitambi watu wanacheka yanaisha. Hoja yangu ni kwamba familia uliyokulia inaacha alama kwenye uzito wa mwanamke kuliko wa mwanaume, kwa hiyo kabla hujamshambulia mama wa miaka 45 jiulize kwanza alikuwa anakula nini alipokuwa na miaka 7, na kama alikuwa anakula.

Mwaka 2022 duniani watu wazima wenye unene wa kupindukia, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu wa mtu) ya 30 kwenda juu, walikadiriwa kuwa wanawake milioni 504 na wanaume milioni 374. Kama kisa ni ulafi na uvivu basi mbona ulafi uchague jinsia? Halafu kuna mapitio ya tafiti yalitoka 2009, yaliangalia hali ya familia utotoni na unene wa ukubwani. Kwa wanawake tafiti 14 kati ya 20 zilikuta waliotoka familia duni ndio wanene zaidi. Kwa wanaume ni 4 kati ya 15. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Nakupinga mapema kabisa dada. Kwanza kwenye nchi masikini mambo yamekuwa kinyume, wenye nazo ndio wanene, hilo watafiti Sobal na Stunkard walishalionyesha 1989 walipopitia tafiti 144, na huko ilikuwa hivyo kwa wanaume na wanawake. Kwa hiyo umasikini kunenepesha siyo kanuni. Pili jeni. Denmark, matokeo ya 1986, walichukua watu wazima 540 walioasiliwa utotoni wakalinganisha uzito wao na wa wazazi waliowazaa na wa wale waliowalea. Walifuata waliowazaa, kwa waliowalea hakukuwa na uhusiano wowote. Sasa hiyo nyumba imeacha alama gani?

Mleta mada

Kaka hiyo ya Denmark inaletwa kila siku. Familia inayokubaliwa kuasili mtoto ni familia iliyochujwa, ina chakula, ina utulivu. Ukilinganisha nyumba zenye unafuu zenyewe kwa zenyewe lazima uone nyumba haina maana, hapo hujapima njaa hata kidogo. Njaa ikapimwe kwa walioipata. Uholanzi baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula, watu wakafa. Waliokuwa tumboni miezi ya mwanzo ya mimba wakati ule, walipofika miaka 50 wakapimwa, wanawake BMI yao ilikuwa kubwa kuliko wenzao ambao njaa haikuwakuta tumboni. Wanaume hapana.

Mchangiaji wa kwanza

Umeruka kipande. Kuna uchambuzi wa 1976 wa vijana wa kiume kama laki 3 wa hukohuko Uholanzi, walipimwa wakiwa na miaka 19 wakati wa kuitwa jeshini, na waliopigwa na njaa nusu ya kwanza ya mimba walikuwa wanene zaidi. Wanaume hao dada.

Mleta mada

Ndiyo kwanza unanipa nguvu, ina maana kwa wanaume ilionekana ujanani ikapotea, kwa wanawake ikabaki mpaka utu uzima.

Mchangiaji wa pili

Hapana dada, ni makundi mawili tofauti hayo, huwezi kusema imepotea kwa mtu ambaye hukumpima mara mbili, na wasichana wa miaka 19 hawakupimwa kabisa maana ulikuwa usaili wa jeshi.

Ila nyote wawili mnabishana kama lazima mmoja ashinde. Someni utafiti wa Anne Case na Alicia Menendez, 2009, walifanya Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, Afrika Kusini. Wanawake waliokosa chakula utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanene, wanaume waliokosa chakula vilevile hawakuwa na hatari hiyo ya ziada. Hapohapo wanawake wenye hali nzuri ukubwani nao wanene zaidi, wanaume hapana. Yaani njaa ya zamani na unafuu wa sasa vyote vinamwangukia mwanamke mmoja, kwa hiyo masikini na tajiri wa hoja zenu wanaweza kuwa mtu yuleyule kwa vipindi viwili vya maisha. Na kingine, umbo la kike ambalo wanawake waliliona ndilo zuri lilikuwa kubwa kuliko lile walilotaja wanaume, hapo jeni na njaa havihusiki, ni mtazamo.

Mchangiaji wa tatu

Mbona hamgusi kinyume chake, yaani unene ndio ulete umasikini? Marekani walifuatilia vijana miaka 7, matokeo yakatoka 1993. Wasichana waliokuwa na uzito mkubwa mwanzoni waliishia na shule pungufu, kipato cha kaya pungufu, na ndoa chache, hata baada ya kuondoa tofauti za familia walizotoka. Wavulana wanene tofauti ilikuwa kwenye ndoa basi. Msichana mnene anasukumwa chini kiuchumi halafu anazaa binti kwenye hali hiyohiyo, mvulana mnene jamii inamwacha apite. Sasa mnaposema familia duni ndiyo chanzo mjue huenda unene wa mama ndio uliifanya familia iwe duni.

Tena familia siyo hela tu. Daktari Felitti wa San Diego miaka ya 80 alishangaa wagonjwa wanaacha kliniki ya kupunguza uzito wakati ndio wanafanikiwa, kuwahoji akakuta wengi walinajisiwa utotoni, kuna waliouona unene ni kinga. Na madhila hayo yanawapata zaidi nani? Wasichana. Jibu lake haliko kwenye dayati.

Mchangiaji wa kwanza

Haya hilo la mwisho sibishi. Lakini mtu ana miaka 45, utoto umeshapita, daktari amwambie nini? Arudi tumboni?

Mleta mada

Amuulize alikotoka kabla hajampa karatasi ya dayati na kumsimanga, ndiyo ninachotaka. Na hela za kampeni zisiishie kuwaambia watu wazima wakimbie asubuhi, ziende kwa wajawazito na wasichana wadogo wa familia zisizo na uhakika wa mlo.

Mchangiaji wa kwanza

Wasichana tu? Hapo ndipo hatutaelewana, mvulana analala njaa kwenye nyumba hiyohiyo, na hata kama haitamnenepesha bado ni njaa.