Tupeane uzoefu: mliopona saratani utotoni, moyo mmeshaupima?

Kijana wa Hombolo
Habari za humu ndani wakuu. Nikiwa na miaka 6 nilitibiwa saratani ya figo, hospitali ya Ocean Road, Dar. Wakatoa figo moja, nikawekewa dripu kwa miezi, nikapona. Tukarudi nyumbani Dodoma na habari hiyo ikazikwa, hata kuitaja ilionekana ni kuita mkosi.

Msimu wa zabibu uliopita nilikuwa nabeba kreti kutoka shambani hadi barabarani, kazi niliyoizoea tangu nikiwa shule. Kreti ya tatu nikakaa chini, pumzi imekata. Usiku nikilala chali nakohoa, nikiinuka kukaa kinatulia. Jioni nikivua soksi, alama yake haitoki mguuni. Nilipewa dawa za kifua mara mbili. Mara ya tatu mama alinisindikiza, akamwambia daktari, "Huyu utotoni alipigwa ile dawa nyekundu." Daktari akaacha kuandika, akamtazama.

Nikatumwa hospitali ya Benjamin Mkapa kupimwa eko. Ni kama ultrasound ya wajawazito, ila kinatazamwa kifua: unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, unauona moyo wako unacheza kwenye kioo. Wangu umetanuka. Kila pigo unasukuma asilimia 38 ya damu iliyomo, wakati moyo mzima hupita 50. Nimeanzishiwa dawa, ngazi sasa napanda. Kreti bado.

Tuliopita njia hii tuko wengi kuliko tunavyojuana. Naomba tusimuliane, na wazazi pia.

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu, na mama yako Mungu ambariki kwa kusema. Dawa nyekundu ni doksorubisini, na ina ndugu yake daunorubisini. Zimeokoa watoto wengi, nimewaona kwa macho yangu, kwa hiyo mzazi asije akaikataa kwa kusoma hapa. Ubaya wake ni kwamba inaumiza chembe za misuli ya moyo, na hizo zikifa hazioti upya za kutosha. Zilizobaki hubeba mzigo wa wenzao kimyakimya, miaka 10, hata 20, mtu hajisikii chochote.

Kinachoangaliwa ni jumla ya dozi zote kwa ukubwa wa mwili. Ikifika miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, au kifua kilipigwa mionzi mingi, uko kwenye kundi la hatari kubwa na unashauriwa eko kila baada ya miaka 2. Wa hatari ya kati, kila miaka 5. Aliyetibiwa akiwa mdogo sana moyo wake huathirika zaidi. Na si kila kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa, ina dawa hii, ndiyo maana nasema ulizeni jina la dawa.

Mama Mpwapwa
Binti yangu alikuwa na saratani ya damu, sasa ana miaka 14. Mwaka jana niliombwa jumla ya dozi. Hospitali tuliyotibiwa wakatafuta faili siku mbili, halipo. Nililia pale dirishani.

Kilichoniokoa ni daftari. Wodini nilikuwa naandika kila dripu, maana nilikuwa peke yangu na nilihofia kusahau: tarehe, uzito wa mtoto, dawa. Ile nyekundu sikujua jina, niliandika "maji ya rozela", kwa rangi yake, na kwa sababu hata mkojo ulitoka mwekundu nikadhani ni damu. Daktari alihesabu rozela zangu moja moja kwa kidole, akalinganisha na mpango wa matibabu wa saratani ile. Eko imetoka nzuri. Daftari liko kwenye sanduku la bati, limefungwa kwa kitenge.

Dada wa Manyoni
Mimi ilinikuta kwenye mimba ya kwanza. Miguu kuvimba, kuchoka, kila mtu alisema ndiyo mimba yenyewe, na mimi nikakubali. Kliniki niliulizwa magonjwa ya nyuma, nikasema sina, saratani ya utotoni sikuitaja kwa kuwa mama mkwe alikuwa amekaa pembeni. Nilizidiwa wiki ya 34. Mimi na mtoto tupo, namshukuru Mungu, ila nilikaa siku 9 kwenye oksijeni. Mabinti wenzangu, mimba inaongezea moyo kazi sana. Pimeni eko kabla ya kubeba, na kama umeshabeba sema mapema, hata ukwe ukikuangalia.

Baba Ihumwa
Mwanangu anacheza mpira kila jioni. Nimzuie?

Nesi Mstaafu
Usimzuie baba, mazoezi ni rafiki wa moyo huo. Mpeleke apimwe kwanza, na kunyanyua vyuma vizito asianze bila daktari kuruhusu. Presha ndiyo ya kuiogopa: moyo uliopitia dawa hii ukiongezewa presha unachakaa haraka mno. Kwa hiyo chumvi ndogo, sigara hapana, na presha ipimwe kila mwaka.

Kijana wa Hombolo
Nimesoma yote, nimemsomea na mama. Dada wa Manyoni, pole sana. Jumatatu tunapanda treni kwenda Dar kulitafuta faili langu. Mama amekumbuka kitu: kadi yangu ya kwanza aliibandika nyuma ya picha ya ubatizo. Kaiweka kwenye mkoba tayari.