Naomba ushauri: nimeahidi kukimbia kilomita 42 kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa wa moyo

Mwalimu wa Kiamunyi (Nakuru)

Wanajukwaa wenzangu, hamjambo. Nina umri wa miaka 41 na ninafundisha shule ya upili hapa Nakuru. Mwaka jana tulimzika mwanafunzi wetu wa kidato cha pili. Darasa lake lilikuwa ghorofani, na kila asubuhi alikuwa akisimama katikati ya ngazi, anainama na kufungua kamba za viatu, kisha anazifunga tena polepole hadi pumzi imrudie. Nilimpita mara nyingi nikidhani viatu vyake ni vibovu. Tulipojua kwamba vali za moyo wake, yaani milango inayopitisha damu, zimeharibika, tayari alikuwa anahitaji upasuaji, na harambee ya familia haikuwa imefika hata nusu alipofariki.

Ndipo nilipotangaza kanisani na katika kundi la wazazi kwamba nitakimbia marathoni ya Nairobi ya mwezi wa Oktoba, kilomita 42 na mita 195, ili kuwachangia watoto wenye ugonjwa huo. Imebaki miezi mitano, na mbio ndefu zaidi nilizowahi kukimbia ni za kilomita 10, kwenye barabara ya kuelekea Kabarak. Michango nayo imeanza kuingia katika simu yangu. Hadi jana jioni ilikuwa shilingi 38,450, nyingine za shilingi 50 kutoka kwa kina mama wa sokoni, na zote nimeziandika katika daftari.

Naomba mniambie ukweli. Je, nikimbie 42 au nishuke hadi 21? Fedha hizi zitafaa zaidi wapi, na nizitunze vipi ili asije mtu akasema mwalimu amekula pesa za marehemu? Mama yake ameomba jina la mtoto lisitajwe popote, nami nimemwahidi.

Miguu ya Eldoret

Pole kwa msiba, Mwalimu. Kabla hujanunua raba, nenda ukapimwe shinikizo la damu na umeme wa moyo, hasa ikiwa umewahi kuzirai au kuumwa kifua unapokimbia, au kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Usilione jambo hili kuwa dogo kwa sababu tu unajisikia mzima.

Miezi mitano ni kama wiki 20, na kwa mtu anayemaliza kilomita 10 bila taabu inawezekana, mradi ukimbie siku nne kwa wiki kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, na mwisho wa wiki uwe na mbio moja ndefu unayoiongeza kidogo kidogo hadi ifike kilomita 30 au 32 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kisha upunguze. Mwinuko hautakusumbua, kwa kuwa Nakuru iko juu kidogo kuliko Nairobi. Siku ya mbio kunywa maji unapohisi kiu, usijijaze, kwani maji yakizidi hupunguza chumvi katika damu, na mtu anaweza kuanguka kwa sababu hiyo.

Ushauri wangu ni huu: ikiwa kufikia wiki ya 10 hujamaliza kilomita 21 bila maumivu ya goti au ya muundi, hamia mbio za 21. Sidhani kuna mama wa sokoni atakayedai shilingi 50 zake kwa sababu hiyo.

Muuguzi wa Kondele (Kisumu)

Mwalimu, simulizi yako ya kamba za viatu imenikaa moyoni. Kutokana na ulivyoeleza, huenda mtoto huyo alikuwa na ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, ambao huanza na maumivu ya koo ya kawaida yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Koo lisipotibiwa, kinga ya mwili huweza kugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo, mara nyingi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Penisilini ikitolewa mapema huzuia hayo, na aliyekwisha kuugua homa hiyo huhitaji sindano yake kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi.

Upasuaji wa vali hufanyika hapa nchini, hospitali ya Tenwek kule Bomet ikiwemo, lakini gharama yake ni kubwa, na anayewekewa vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Kwa hiyo, kwa kiasi ulicho nacho, ningeanza na sindano. Juzi nilishika kadi ya sindano ya msichana wa Nyando: mraba mmoja una tarehe na sahihi, miwili inayofuata ni mitupu. Dawa ilikuwepo, nauli ndiyo haikuwepo.

Mweka Hazina (Kakamega)

Ziondoe fedha hizo katika simu yako wiki hii. Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao awe mzazi, na nambari ya malipo ya M-Pesa iliyounganishwa nayo. Michango ya hadharani ina sheria yake, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, kwa hiyo ulizia kibali katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kabla ya kuchangisha sokoni. Ada ya usajili, raba na nauli ya Nairobi vitoke mfukoni mwako, na uwaambie watu hivyo waziwazi.

Mwalimu wa Kiamunyi (Nakuru)

Asanteni sana. Jumatatu nitakwenda kupimwa, na mwalimu mkuu amekubali kuwa mtia sahihi. Bado natamani 42, ila kanuni ya wiki ya 10 nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Dada Muuguzi, nauli hiyo tutaitoaje bila kumpa kila mzazi pesa mkononi?

Muuguzi wa Kondele (Kisumu)

Zungumzeni na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali inayowahudumia watoto wa huko kwenu. Mzazi akifika na mtoto akadungwa sindano, kadi hutiwa sahihi, naye hurudishiwa nauli hapo hapo na kuweka sahihi kwenye stakabadhi. Nakala ya stakabadhi ije kwenu kila mwezi. Anzeni na watoto kumi, wale wa mbali zaidi.