Chai iliyokolea bila ukakasi: ninyi mnainywaje yenu?

Swali, kutoka kwa Kikombe Cheusi

Salaam kwenu nyote. Mimi hunywa chai ya rangi isiyo na sukari, tena ninaipenda iliyokolea hasa, yaani ile ambayo ukichungulia kikombeni huoni chini. Tatizo ni kwamba nikiyaacha majani ndani ya birika kwa muda mrefu ili chai ikolee, ninapata ukakasi unaokausha ulimi, na sukari ambayo wengi hunishauri niitie huongeza utamu tu bila kuuondoa ukakasi wenyewe. Ninaoishi nao wote ni watu wa chai ya maziwa, na husema kwamba nimejitakia. Ningependa kujua ninyi mnainywaje chai yenu na kwa nini, na kama yupo anayepata chai nzito isiyokwaruza bila kulazimika kutia maziwa.

Jibu, kutoka kwa Mizani

Ndugu yangu, ladha yako haina kosa. Unachopaswa kubadilisha ni muda. Kafeini na sehemu kubwa ya rangi hutoka katika dakika za mwanzo, ilhali tanini, ambazo ndizo chanzo cha ukakasi, huendelea kutoka kadiri majani yanavyozidi kukaa ndani ya maji ya moto. Anayetaka chai nzito na aongeze majani, kisha ayachuje mapema. Ipo kanuni ya kimataifa, ISO 3103 ya mwaka 1980, inayoelekeza gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, yakae kwa dakika 6. Lakini kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya waonjaji wa kitaalamu, ambao wanahitaji kila chai iandaliwe kwa namna moja ili waweze kuzilinganisha na kuziona kasoro zake. Hakuna aliyedai kwamba chai hiyo ni tamu! Mimi hukifuata kipimo chake cha majani, ila huchuja kabla ya dakika ya 4 kwisha, na sitii kitu kingine chochote. Angalia pia aina ya majani, kwa kuwa yaliyosagwa sana, kama yale ya kwenye vifuko, hukolea upesi na ukakasi wake huja upesi vilevile.

Jibu, kutoka kwa Mkereketwa wa Maziwa

Naomba niwatetee hao unaoishi nao. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, ambayo hushikamana na tanini na kuzipunguzia nguvu ya kukwaruza, na ndiyo sababu chai ya maziwa inaweza kuchemshwa muda mrefu, ikakolea mpaka ikawa na rangi ya udongo, na bado ikanyweka. Mimi huchemsha majani kwenye maji kwanza, nikatia maziwa baadaye na kuyaacha yapande mara moja tu. Sukari ninamwachia kila mtu ajitilie, kwa sababu sijaona jambo linalogombanisha watu mezani kama sukari iliyotiwa ndani ya birika zima. Wapo wanaobishana kama maziwa yatangulie kikombeni au yafuate chai. Kanuni aliyoitaja Mizani hupendelea yatangulie, ili yapate joto polepole yasiungue, ingawa kwetu sisi tunaoyachemsha pamoja na chai ubishi huo hautuhusu. Kwa wanaopenda tangawizi mbichi, nashauri ichemke vizuri katika maji kabla ya maziwa kutiwa, maana ina kimeng'enya kinachoweza kuyakata, nacho huharibiwa na joto kali.

Jibu, kutoka kwa Kipande cha Limau

Mimi ni wa limau, na nakiri kwamba haliuondoi ukakasi. Linachofanya ni kuleta uchachu unaouchangamsha mdomo, hata ukakasi usionekane kuwa jambo kubwa. Asidi yake huifanya rangi ya chai ipauke papo hapo, kwa hiyo wewe unayependa weusi huenda usifurahi. Limau na maziwa, bila shaka, havikai kikombe kimoja. Kama uko tayari kujaribu chai ya kijani, usiimwagie maji yanayotokota. Yaache yapoe hadi nyuzi 70 au 80 za Selsiasi, la sivyo utapata uchungu na ukakasi kwa pamoja.

Jibu, kutoka kwa Vuguvugu

Hakuna aliyegusia joto la kunywea. Mimi husubiri chai ipoe, kwanza kwa sababu ladha husikika zaidi ulimi usipoungua, na pili kwa sababu mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, hasa ya umio.

Kikombe Cheusi

Nawashukuru sana. Nimeongeza majani na kuchuja mapema kama alivyoelekeza Mizani, na weusi umebaki huku ukakasi ukipungua sana. Limebaki swali moja: kwa kuwa sasa majani yanatumika mengi, je, yanaweza kumiminiwa maji kwa mara ya pili?

Mizani

Yakiwa majani mazima, ndiyo, ila uyaache kwa muda mrefu kidogo kuliko mara ya kwanza. Yaliyosagwa huwa yamekwisha kutoa karibu kila kitu, na utakachopata ni maji yenye rangi tu.