Tumechoka na RPG (gemu za kuigiza mhusika) za bunduki zinazotuuzia uchaguzi usiobadilisha kitu

Wakuu, jana usiku nimemaliza gemu moja kwa mara ya pili na hasira hazijaniisha mpaka sasa. Mara ya kwanza nilicheza kama mtu mwema, kila aliyeniomba msamaha nikamwachia. Mara ya pili nikawa katili: nikaua, nikasaliti, nikachoma. Nikakutana na nini? Milango ileile, maadui walewale wakichomoza nyuma ya makasha yaleyale, bosi (adui mkuu) yuleyule wa mwisho na bunduki ileile. Kilichobadilika ni sentensi mbili tatu za msimulizi wakati majina yanapanda kwenye skrini. Sasa zile dakika zote nilizokaa nimeshika kontrola nikiwaza nani aishi na nani afe zilikuwa za nini?

Sidai kila gemu iwe na hadithi mia. Gemu ya risasi tupu ambayo haikuahidi uchaguzi haina deni kwangu. Nazungumzia hizi zinazojitangaza kwamba kila uamuzi wako una uzito. Kama upo huo uzito, niusikie mikononi. Kuwe na silaha nitakayoikosa, njia itakayofungwa, kikosi kitakachoanza kuniwinda.

Chukueni BioShock ya 2007. Unakutana na watoto wa kike wanaobeba ADAM, kitu cha kununulia nguvu. Ukimvuna mmoja, yaani kumwua ili umnyang'anye, unapata ADAM 160, ukimwokoa unapata 80. Hapo unaamini kweli wema una gharama. Kumbe kila ukiokoa watatu unaletewa zawadi yenye ADAM 200. Pigeni hesabu: kwa watoto watatu mwema ana 440, katili ana 480. Tofauti ni 40! Na ndani ya zawadi hizo kuna nguvu ambazo katili hazipati kabisa. Dhabihu gani hiyo?

Mass Effect ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu naipenda. Ya kwanza kwenye mfululizo inakuuliza umwue malkia wa Rachni, viumbe kama wadudu, au umwachie. Unawaza kizazi kizima cha viumbe. Ukifika ya tatu, ya mwaka 2012, ukiwa ulimwua, Reapers, zile mashine adui, wameshajitengenezea mwingine wa bandia na misheni unayocheza ni ileile. Ulimchagua Anderson, mwanajeshi mwenzako, aingie kwenye Baraza linaloongoza galaksi? Ukifika ya tatu kiti kina Udina, yule mwanasiasa uliyemkataa. Watu walipiga kelele kuhusu dakika za mwisho za gemu ile, na walikuwa na haki, lakini uozo ulianza mapema kuliko hapo.

Halafu kuna Deus Ex: Human Revolution, 2011. Hapa kosa halipo kwenye hadithi, lipo kwenye uchezaji wenyewe, na kwangu ndilo baya kupita yote. Unamwaga pointi zako zote kwenye kudukua, kunyata, kupita kwenye mifereji ya hewa. Gemu yenyewe inakuongezea pointi kwa kutoonekana na mtu. Umejijenga hivyo kwa masaa na masaa. Ghafla unafungiwa chumba kimoja na jitu lenye bunduki badala ya mkono. Hakuna kuongea naye, hakuna kumkwepa, ni risasi tu, na wewe risasi hukujiandaa nazo. Maana yake uliadhibiwa kwa kuamini uhuru uliopewa. Ilibidi lije toleo jipya 2013 ndipo vyumba vile vikaongezewa vitu vya kudukua na njia nyingine za kuwamaliza mabosi. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo!

Najua kuna watakaokuja hapa na hoja ya gharama, kwamba kutengeneza misheni ambayo nusu ya wachezaji hawataiona ni kutupa pesa. Fallout: New Vegas ilitengenezwa kwa takriban miezi 18. Ndani yake kuna majeshi mawili yanayogombea nchi, Legion na NCR. Ukiwaudhi Legion kupita kiasi, wanakutumia wauaji jangwani. Ukiwaudhi NCR, nao wanakutumia wa kwao. Na ukiwa umejenga ulimi wako (pointi za ushawishi) mpaka mwisho, yule jenerali wa Legion kwenye vita vya mwisho pale kwenye bwawa unaweza kumshawishi aondoke na jeshi lake bila kufyatua hata risasi moja. Huo ndio uchaguzi.

Hata Cyberpunk 2077, ambayo asili tatu za mhusika zinaishia njia moja baada ya utangulizi mfupi, ilipotoa nyongeza yake ya Phantom Liberty 2023 ilionyesha inaweza. Unachagua kati ya Songbird, mdukuzi anayetoroka, na Reed, jasusi anayemsaka. Ukisimama na Songbird unapigana kupenya kituo cha kurushia vyombo vya anga. Ukisimama na Reed, unajikuta chini ya ardhi unajificha na kukimbia roboti lisiloangushwa kwa risasi. Ni misheni mbili tofauti kabisa, hata mapigo ya moyo yanakwenda tofauti.

Kwa hiyo anayetetea aje, nipo. Ila asiniletee video za miisho minne. Anitajie misheni aliyoicheza tofauti kwa sababu ya jambo aliloliamua masaa kumi nyuma.