Mkandarasi anatishia kung'oa mirunda (miti inayoegemeza zege), na bado anadai nyongeza. Nifanyeje?

Mwenye uzi

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaojua mahesabu ya ujenzi. Nyumba ni ya ghorofa moja. Mkataba ni wa bei moja ya jumla, vifaa na ufundi vyote juu ya mkandarasi, kurasa mbili tu. Hauna mchanganuo wa vipimo, una hatua za malipo: msingi asilimia 15, kuta na nguzo za chini 15, slabu (sakafu ya zege ya ghorofani) na ngazi 20, kuta za juu 15, paa 15, umaliziaji 20.

Slabu imemwagwa siku 9 zilizopita, ngazi bado. Nimeshalipa asilimia 68, maana kila aliposema tuwahi nondo kabla hazijapanda, nilitoa. Sasa kasimamisha kazi, anadai nyongeza ya asilimia 14: msingi ulichimbwa mita 1.5 badala ya 0.9 kwa sababu ya udongo mfinyanzi mweusi, ngazi imehamishwa (niliagiza mimi, kwa mdomo), na slabu anasema imekula mifuko 160 ya saruji. Slabu ni mita 11 kwa 9, unene sentimita 15, na chini yake kuna bimu (mihimili ya zege) za sm 23 kwa 30, jumla mita 45. Nisipolipa hadi kesho kutwa anang'oa mirunda na mbao apeleke saiti nyingine.

Kipimo_Kwanza

Mkuu, madai yasubiri, mirunda haisubiri. Zege la siku 9 limeshakauka, lakini bado halijafikia nguvu yake kamili. Kwa kawaida mirunda ya slabu hukaa siku 14 na ya bimu siku 21, na kukiwa na baridi au vyumba vipana unasubiri zaidi. Ikitoka mapema slabu inabonyea katikati na kupasuka upande wa chini, na ikishabonyea hairudi. Mbao za ubavuni mwa bimu aondoe akitaka, hazibebi kitu. Za chini asiguse.

Mirunda ni mali yake, kwa hiyo usibishane naye kuhusu umiliki. Mwandikie leo kwamba utalipia kodi ya mirunda na mbao kwa siku 12 zilizobaki, malipo hayo hayahusiani na nyongeza, na akiziondoa kabla, madhara yote ya slabu ni yake. Akikataa, tafuta mirunda mingine na injinia asimamie ubadilishaji, mmoja unaingia ndipo mmoja unatoka. Usikubali ing'olewe yote halafu irudishwe.

Na nani anamwagilia maji tangu kazi isimame? Siku 7 ndiyo kiwango cha chini, endelea mpaka 14.

Mkadiriaji

Tupige hesabu ya ile mifuko 160.

Slabu: 11 × 9 × 0.15 = mita za ujazo 14.85. Bimu: 45 × 0.23 × 0.30 = 3.1. Jumla kama 17.95 (sijatoa tundu la ngazi, nimempendelea kidogo).

Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linakula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Inakuja mifuko 117, na ukiongeza asilimia 5 ya upotevu, 123. Hapo mifuko 37 haina maelezo. Lakini kama mchoro unataka 1:1½:3, kila mita ya ujazo ni mifuko 8, unapata 144, na upotevu 151. Hapo 160 inaanza kuingia akilini. Kwa hiyo kabla hujamwita mwizi, angalia mchoro wa injinia umetaja zege gani.

Ila mkataba wako ni wa bei ya jumla. Akitumia mifuko 100 au 200, ni faida au hasara yake. Vipimo vya slabu havijabadilika, kwa hiyo dai la saruji linaanguka lote hata kama alitumia kweli.

Msingi ni kitu kingine. Udongo mfinyanzi mweusi unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, kushuka chini hakukuwa ujanja. Isipokuwa mkataba uwe umesema hali ya ardhi ni juu yake, hilo ni dai halali. Pima urefu wa mtaro mzima. Tuseme ni mita 62 na upana 0.6: uchimbaji ulioongezeka ni 62 × 0.6 × 0.6 = mita za ujazo 22. Ukuta ulioongezeka ni 62 × 0.6 = mita za mraba 37, na tofali za inchi 6 zikilazwa zinaenda kama 14 kwa mita ya mraba, yaani 520 hivi. Ongeza udongo wa kujazia na ufundi. Zege la chini ya msingi halibadiliki, lingekuwepo hata kwenye mita 0.9. Wengi huingiza na hilo, liangalie.

Ngazi uliagiza mwenyewe, lipa tofauti. Tofauti, siyo ngazi nzima.

NondoMm12

Kwa kuwa vifaa ni juu yake, kagua alichoingiza. Kata kipande cha mita 1 cha nondo ya mm 12 iliyobaki saiti, weka kwenye mizani: inatakiwa gramu 888. Ukikuta 750 hivi, hiyo ni mm 11 iliyouzwa kwa jina la 12, na chuma kimepungua asilimia 16. Slabu yako nondo zikipangwa kila sm 20 pande zote mbili inataka kama mita 1,090 pamoja na maungio, yaani nondo 91 za mita 12. Linganisha na risiti zake na picha za kabla ya kumwaga zege, kama unazo.

Mwenye uzi

Nashukuru sana. Picha ninazo. Kuna fundi yuko tayari kuanza kuta za juu Jumatatu. Nimlete?

Kipimo_Kwanza

Hapana mkuu. Fundi mpya akipandisha hata kozi (mistari ya tofali) tatu, hutaweza tena kuthibitisha nani alifanya nini. Kwanza vipimo vya pamoja: wewe, mkandarasi na mkadiriaji mmoja asiye wa upande wowote. Pimeni kazi iliyosimama, hesabuni vifaa vilivyopo, pigeni picha, wote wasaini. Asipokuja, mpe siku kwa barua na mpime bila yeye mbele ya shahidi.

Mkadiriaji

Kwa jedwali lako mwenyewe, slabu na ngazi vikikamilika ni asilimia 50. Ngazi haipo, kwa hiyo kazi yake haifiki hapo, naye kapokea 68. Hata madai halali yakifika asilimia 6, bado yuko mbele yako kwa zaidi ya 12. Akikubali kuendelea, andikeni nyongeza ya mkataba: hakuna malipo mpaka kazi ifikie kiwango alicholipwa, halafu kila hatua ipimwe kabla ya kulipwa, asilimia 5 hadi 10 ibaki mkononi mwako kwa miezi 6 ya kasoro, na badiliko lolote liandikwe bei kabla ya kushika kolego. Asipokubali, mpe notisi ya kuvunja kwa siku zilizotajwa kwenye mkataba.

Na bajeti yako ipange upya leo. Una asilimia 32 mkononi kwa kazi ya zaidi ya 50. Pesa ikibana, kamilisha paa kwanza. Nondo za nguzo zilizochomoza juu zipake uji wa saruji zisiote kutu. Plasta isianze kabla mabomba ya umeme na maji hayajapita ukutani. Angalia pia kama shimo la maji taka na kuunganisha umeme vimo kwenye ile asilimia 20 ya umaliziaji. Kwenye mikataba ya kurasa mbili huwa havimo.