Beringi ya elevata imeshika moto kiwandani, tumeambiwa tuendelee kusaga. Nifanyeje?

Zamu ya Usiku:
Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi kiwanda cha kusaga ngano, jina nalihifadhi. Jumanne usiku tulisikia harufu kama chapati iliyoungulia kwenye kikaango. Tukaifuata mpaka chini ya elevata inayopandisha ngano. Beringi imekufa, rangi ya hausingi (kasha lake) imebabuka kwa joto, unga ulioganda pembeni unafuka moshi. Fundi akamwaga maji, akapaka grisi, msimamizi wa zamu akasema washeni.

Si hilo tu. Juu ya mihimili ya paa vumbi la unga limelala, ukiandika jina kwa kidole linasomeka. Jumamosi tunasafisha kwa upepo wa kompresa, jengo zima linakuwa jeupe, humwoni mwenzako hatua tano. Chini mafundi wanachomelea! Nilipouliza nikajibiwa kuwa unga ni chakula, si petroli.

Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu na nina watoto wawili. Je, ni woga wangu tu? Na nikisema, nisemeje?

Mzee wa Kinu:
Kijana, nimesaga mahindi miaka 11, vumbi nimelila sana na sijaona lililolipuka. Beringi kufa ni kawaida. Usijitafutie kufukuzwa.

Fundi Mitambo:
Mzee, shikamoo, ila hapa nakupinga. Unga ndani ya kiroba huungua taratibu. Ukitimka hewani, kila chembe imezungukwa na hewa yake, zote zinawaka kwa pamoja. Mei 2, 1878 kinu cha Washburn A, Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga. Watu 18 walikufa, na vinu vya jirani vikateketea pia.

Mleta uzi, ogopa mlipuko wa pili kuliko wa kwanza. Wa kwanza huanzia ndani ya mtambo uliofunikwa, kama hiyo elevata yenu. Kishindo chake kinatikisa jengo, vumbi la kwenye mihimili linamwagika, na moto unalikuta likiwa hewani. Ndivyo ilivyotokea Imperial Sugar, kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, Georgia, Februari 7, 2008. Mwaka uliotangulia walikuwa wameufunika kwa mabati mkanda wa kubebea sukari unaopita chini ya masailo (maghala marefu ya sukari), sukari isichafuke. Vumbi likajaa humo ndani. Wachunguzi walisema chanzo kinachoelekea zaidi ni beringi iliyopata joto. Beringi, ndugu yangu. Moto ukaruka hadi majengo ya kufungashia, ukilishwa na vumbi lililokuwa limelala huko. Watu 14 wakafa.

Dada wa Kilindini:
Mimi niko Mombasa, kitengo cha usalama, kiwanda cha chakula cha mifugo. Kompresa ndiyo ikome kwanza. Sisi twatumia vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) isiyotoa cheche, na fagio laini pale isipofika, tukianza juu kuja chini. Vumbi likitanda sakafu nzima, hata unene usifike milimita 1, tayari ni hatari. Wa kuchomelea apewe kibali cha maandishi, pasafishwe kabla hajaanza, na mtu abaki hapo akishamaliza, kwani cheche hufukuta kimya kimya. Na moto mdogo ukitokea msiupige maji ya mpira kwa nguvu, mtatimua vumbi. Nyunyizeni kama mnaomwagilia mchicha.

Mwenyekiti wa Tawi:
Usiende peke yako, nendeni zamu nzima. Andika tarehe, saa, mashine ipi, mliona nini, umkabidhi mwakilishi wa usalama na nakala ubaki nayo. Usianze na sheria. Waulize beringi moja bei gani, na elevata nzima bei gani. Wakipuuza, pelekeni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na uombe jina lako lisitajwe.

Zamu ya Usiku:
Mrejesho. Tulienda wanne. Beringi mpya imefungwa jana, ya zamani nimeishika, gololi zake zimekuwa za bluu kwa joto. Kuhusu kompresa meneja anasema atalitazama. Tumekubaliana Jumamosi hakuna atakayeishika mpaka mashine ya kuchomelea izimwe na itolewe nje.

Mzee wa Kinu:
Marahaba, Fundi. Nimesoma yote mara mbili. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha napanda na tochi kuangalia mihimili yangu. Dada wa Kilindini, hiyo vakyumu mlinunua wapi?